Ish Smith, timu 13 za NBA: alitemwa kwa kukosa kiwango au kuna kitu hatukioni?

Kikapu_Mbagala

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wajuzi wa NBA mnisaidie kumaliza ubishi. Upande mmoja unasema Ish Smith, yule pointi gadi (mwongozaji wa mashambulizi) mfupi aliyechezea timu 13, hakuwa na kiwango, ndiyo maana kila timu ilimtumia ikamtema. Upande wa pili unauliza: kama hana kiwango, misimu 14 kaipataje?

Maswali yangu: alihamahamaje mpaka zikafika 13? Ni kweli aliwahi kuwekwa kwenye dili moja na Hasheem Thabeet wetu? Na uwanjani alikuwa anafanya nini hasa? Nauliza hili la mwisho kwa sababu nafundisha vijana wa chini ya miaka 18, na pointi gadi wangu wawili ni wafupi, wana mbio, ila mtupo wa mbali hawana. Majibu ya "bidii na nidhamu" mniachie, hayo nayajua.

Mzee_wa_Rimu

Mkuu, tuanze na hesabu, maana watu wengi hudhani kachezea timu 13 basi kauzwa mara 13. Si hivyo. Alibadilishwa kati ya timu na timu mara 7. Kwingine aliachwa akasajiliwa upya, au mkataba uliisha akasaini kama mchezaji huru.

Katoka Wake Forest mwaka 2010, chuo ambacho kwa pasi za mabao anashika nafasi ya pili nyuma ya Muggsy Bogues. Drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, ikapita bila jina lake kutajwa. Futi 6, mtupo wa mbali mbovu, basi. Houston wakampa mkataba, na Aaron Brooks alipoumia kifundo cha mguu mwanzoni mwa msimu, akapata dakika. Hilo la gadi mwingine kuumia liweke akilini, litarudi mpaka uchoke.

Februari 24, 2011 Houston wakampeleka Memphis pamoja na Shane Battier. Waliokwenda upande wa pili ni Hasheem Thabeet, DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, dili ni lilelile, ila walipishana njiani, hawakuwa upande mmoja. Na angalia ajabu yake: Thabeet ni chaguo namba 2 la drafti ya 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na Ish hakuchaguliwa kabisa. Siku hiyo wote wawili walikuwa vipande vya dili la Battier.

Baada ya Memphis akaenda Golden State msimu ule wa mechi 66 uliofupishwa na mvutano wa wamiliki na wachezaji, hakukaa, akatua Orlando. Februari 2013 Orlando wakampeleka Milwaukee pamoja na J.J. Redick na Gustavo Ayón, dili lililomleta Tobias Harris Orlando. Agosti mwaka huohuo Milwaukee wakamtaka Caron Butler, wakamtoa Ish na Viacheslav Kravtsov kwenda Phoenix. Kule Phoenix alikuwa nyuma ya Goran Dragić na Eric Bledsoe. Bledsoe akaumia goti, dakika zikaja. Kiangazi cha 2014 Phoenix wakamleta Isaiah Thomas, Ish akafungashiwa virago.

Msimu wa 2014/15 ndio unaoonyesha kila kitu. Alianza Houston kwa mara ya pili, Desemba wakamwacha, Oklahoma City wakamchukua. Februari 19, 2015, siku ya mwisho ya mabadilishano, Oklahoma City wakampata D.J. Augustin na wenzake, kikosi kikajaa, Ish akasukumwa New Orleans. New Orleans wakamwacha bila kumchezesha hata dakika moja. Siku hiyohiyo Philadelphia walikuwa wamemtoa Michael Carter-Williams kwenda Milwaukee, hawana pointi gadi, wakamdaka.

Halafu Philadelphia wakamwacha aende zake kiangazi! Akajaribu kambi ya Washington, akakatwa kabla ya msimu kuanza, New Orleans wakamwita kwa sababu Tyreke Evans na Norris Cole walikuwa majeruhi. Desemba 24, 2015 Philadelphia wakamrudisha kwa kutoa machaguo mawili ya raundi ya pili, yaani wamelipia mtu waliyekuwa naye bure miezi michache nyuma. Walikuwa na ushindi 1 na vipigo 30. Desemba 26 wakaifunga Phoenix. Wakamaliza msimu 10 kwa 72, hivyo ushindi 9 kati ya 10 umepatikana baada ya yeye kufika.

Baada ya hapo ndipo alipotulia: Detroit misimu mitatu kuanzia 2016, Washington miwili, kisha Charlotte, nyumbani kwao. Februari 2022 Charlotte wakamrudisha Washington walipomchukua Montrezl Harrell. Julai 2022 Washington wakampeleka Denver na Kentavious Caldwell-Pope, wakapewa Monte Morris na Will Barton. Denver ndiyo timu ya 13 na rekodi ya ligi. Waliokuwa na 12 ni Chucky Brown, Jim Jackson, Tony Massenburg na Joe Smith. Akapata pete ya ubingwa wa 2023 pale Denver, kisha akamalizia Charlotte tena 2023/24.

Karatasi_Kwanza

Mzee wa Rimu kamaliza safari. Mimi niongeze upande wa mikataba, maana ndiko ubishi wenu unakovurugikia. Watu wanachukua akili ya usajili wa mpira wa miguu wanaipeleka NBA. Huko hakuna ada ya uhamisho. Kuna kikomo cha mishahara na kuna viti 15, yaani nafasi za wachezaji kikosini.

Mchezaji ambaye hakuchaguliwa huwa anasaini kwa kima cha chini, yaani mshahara mdogo kabisa unaoruhusiwa na ligi, tena mara nyingi pesa yenyewe haina uhakika. Ipo tarehe moja unapaswa kuijua: Januari 10. Ikifika siku hiyo ukiwa bado kikosini, mshahara wako wa msimu mzima lazima ulipwe. Mchezaji akiachwa hukaa saa 48 akisubiri kama kuna timu itakayomchukua na mkataba wake kama ulivyo, kwa hiyo timu inayotaka kukwepa gharama humwacha kufikia Januari 7. Desemba na wiki ya kwanza ya Januari ndiyo majira ya panga. Ish kuachwa Desemba 2014 si tukio la pekee, wanaopitia hapo ni wengi kila mwaka.

Kuanzia Januari 5 inafunguliwa mikataba ya siku 10, au mechi 3 za timu kama siku 10 hazitoshi kuzifikisha. Timu moja inaweza kukupa miwili tu kwa msimu. Baada ya hapo ikusaini mpaka mwisho au ikuache.

Sasa kwa nini mtu wa aina hii anaingizwa kwenye kila dili? Timu iliyozidi kikomo cha mishahara haiwezi kupokea mishahara mikubwa bila kutoa mingine ya kukaribiana nayo. Lakini mkataba wa kima cha chini una kanuni yake: timu inaweza kuupokea bila kutoa mshahara wowote kuulinganisha. Kwa hiyo anayeweza kusukumwa popote, bila kumwumiza mpokeaji kihesabu, ni yule wa bei ya chini. Timu ikipokea wachezaji watatu na kutoa wawili, kiti kimoja lazima kiachwe wazi, na kinachoachwa ni kile kisicho na gharama. Tazama lile dili la Februari 2015: hakuna aliyekaa akatathmini mchezo wake. Viti vilikuwa 15, watu wakawa wengi.

Kingine ambacho mashabiki hawakijui: mkongwe mwenye misimu 3 na kuendelea akisaini mwaka mmoja kwa kima cha chini, timu inalipa kiwango cha mtu wa misimu 2 tu, tofauti inafidiwa na ligi. Bila kanuni hiyo wakongwe wangekuwa wanakatwa kwa ajili ya vijana wa bei rahisi. Kwa hiyo ukishavuka miaka mitatu ya mwanzo, umri hauongezi gharama yako kwa timu. Na miaka mitatu hiyohiyo ndiyo inayokupa haki ya pensheni ya ligi. Ndiyo maana gadi wa benchi anang'ang'ania kiti cha 15 hata kama hachezi.

Lipo na hili: kubadilishwa si sawa na kuachwa. Mchezaji akikaa misimu mitatu bila kuachwa wala kuhama kama mchezaji huru, timu inapata haki ya kumsaini tena hata ikiwa imevuka kikomo. Akibadilishwa, hesabu ya miaka inakwenda naye. Akiachwa, kwa kawaida inarudi sifuri. Ish aliachwa sana miaka ya mwanzo, kwa hiyo mara nyingi alikuwa anaanza upya. Mara ya kwanza kufikisha mitatu mfululizo katika timu moja ni Detroit, na ulipofika 2019 Detroit wakaamua kumchukua Derrick Rose.

Kikapu_Mbagala

Asanteni sana wakuu, hili la kima cha chini kuwa ndilo linalomfanya mtu asukumwe ni jipya kwangu. Lakini bado najiuliza: kama ni bei tu, wachezaji wa kima cha chini wapo tele. Kwa nini walimrudia yeye?

Mwl_Skrini

Ndugu, hapo sasa tunaingia uwanjani.

Wanaomrudia angalia ni akina nani. Stan Van Gundy alikuwa kocha wa Orlando Ish alipopita 2012. Mwaka 2016 Van Gundy akiwa Detroit ndiye aliyempa mkataba wa kwanza wa maana, dola milioni 18 kwa miaka mitatu. Scott Brooks alikuwa naye Oklahoma City kwa wiki chache tu mwanzoni mwa 2015. Mwaka 2019 Brooks yuko Washington, John Wall kakatika kano ya kisigino, Ish anasainiwa miaka miwili kwa milioni 12. Houston, Philadelphia, Washington na Charlotte zote zimemtumia vipindi viwili. Timu haimrudii mtu iliyemchoka.

Kinachowarudisha ni kwamba anatumika siku ya kwanza. Mchezaji akibadilishwa katikati ya msimu anatakiwa aripoti ndani ya saa 48, anapimwa afya, na mara nyingi mechi ni kesho yake. Mfungaji unaweza kumwambia "kaa kona, ukipata mpira tupa". Pointi gadi huwezi. Lazima ajue majina ya seti (mipango ya kushambulia), nani anaanzia wapi, na timu inalindaje skrini (mshambuliaji anaposimama njiani kumziba beki wa mwenzake): mtu mkubwa, yaani yule mrefu wa karibu na rimu, anarudi nyuma, anatoka kumzuia mwenye mpira, au wanabadilishana. Kila timu ina maneno yake kwa vitu vilevile. Gadi aliyepita timu saba anakuwa ameshaona kila seti kwa jina jingine, yeye anabadilisha jina tu.

Mchezo wake wenyewe ni mwembamba, lakini ameujua mpaka mwisho. Akidaka ribaundi au pasi ya kwanza, mpira unavuka nusu ya uwanja kabla walinzi hawajageuka. Kwenye uwanja uliopangika anaita skrini juu ya mstari wa pointi tatu, anaipita akimweka beki wake mgongoni, halafu anapunguza mwendo. Hapo ndipo vijana wengi wanapokosea, wanadhani mbio ndiyo kila kitu. Yeye anatoka kasi kubwa kwenda nusu kasi kwa hatua moja, beki anabaki amekwama nyuma ya mgongo wake hawezi kurudi mbele, na mtu mkubwa wa upande wa pili anajikuta peke yake na watu wawili. Akimfuata Ish, mpira unarushwa juu karibu na rimu mwenzake anadanki. Akirudi nyuma, Ish anasimama ndani ya mita 4 au 5 na kutupa.

Philadelphia walikuwa na Nerlens Noel, kijana mrefu anayeruka vizuri lakini asiyeweza kujitengenezea bao. Bila gadi wa kumpa mpira hewani alikuwa nusu mchezaji. Noel hakubadilika ghafla wiki ya Krismasi. Alipata mtu wa kumpelekea mpira pale anapoutaka. Ish kwa miezi ile alikuwa na wastani wa karibu pointi 15 na pasi za mabao 7 kwa mechi.

Na sasa upande wa "hana kiwango", maana nao wana hoja yao. Mtupo wake wa pointi tatu ni karibu mmoja kati ya mitatu, na ni wa kusimama peke yake, si wa kutupa akiwa anakimbia. Timu ikijipanga, beki wake anapita chini ya skrini: hamfuati juu, anakata njia kwa nyuma na kumsubiri ndani. Hapo kasi haina kazi. Mechi moja ya Januari hakuna mwenye muda wa kuandaa hilo. Hatua ya mtoano, mechi hadi saba na timu ileile, wanaandaa. Hapo ndipo gadi wa aina hii hubanwa zaidi. Denver hawakumtegemea kwenye mtoano wa 2023, na mwaka 2019 Detroit walitolewa na Milwaukee 4 kwa 0.

Kwa hiyo wote wawili mnaobishana mna nusu ya ukweli. Si mtu wa kuanza kwenye timu inayowania ubingwa. Ila gadi wa kuanza anapoumia Novemba, ni vigumu kupata mtu bora zaidi yake kwa bei ile. Reggie Jackson alikosa mechi 21 za mwanzo wa 2016/17 pale Detroit, na mwaka uliofuata akacheza 45 tu. Nani aliziba? Ish.

Kikapu_Mbagala

Mwalimu, umenigusa hapo pa kupita chini ya skrini, ndiyo dawa wanayopewa vijana wangu kila wiki. Nifanyeje sasa? Mtupo wa mbali haujengeki kwa mwezi mmoja.

Mwl_Skrini

Haujengeki kweli. Yapo mambo matatu ya kufanya wakati unaendelea kuujenga.

Kwanza, isogeze skrini chini. Skrini ikiwekwa mita moja au mbili ndani ya mstari wa pointi tatu, beki akipita chini anajikuta yuko karibu na rimu, na gadi wako anapata mtupo wa mita 4 bila mtu mbele yake. Mtupo huo kijana wa miaka 17 anauweza. Afanye mia moja kwa siku, hamsini kila upande, akitokea kwenye dribo. Asisimame tu na kutupa, maana kwenye mechi hatautupa hivyo.

Pili, rudia skrini. Beki akipita chini ya ya kwanza, mtu mkubwa anageuka palepale na kuiweka upande wa pili. Beki kashashuka, mara hii skrini inamkuta chini, gadi anaingia na kasi yote. Kinachoharibika hapa ni mtu mkubwa kusogea kabla beki hajagonga, refa anapuliza faulo ya kushambulia. Mfundishe akanyage, ahesabu moja, ndipo aachie.

Tatu, waliobaki nje lazima wawe watupaji. Gadi asiyetupa akichezeshwa na fowadi wawili wasiotupa, walinzi wote watano wanakaa ndani na hakuna kasi itakayopenya. Usiwachezeshe gadi wako wawili pamoja, labda uwe unakimbiza mechi kwa presha ya uwanja mzima.

Na zoezi la kupunguza mwendo: weka koni tatu kwa umbali wa mita 4, aende kasi yote mpaka koni ya kwanza, hatua moja nusu kasi kichwa kikiwa juu, kasi tena. Kosa utakaloliona ni kusimama kabisa. Akisimama, beki anarudi mbele na kazi yote imekwisha.

Binti_wa_Ilala

Naongezea la Thabeet, maana watu humtaja kwa masikitiko bila kuangalia karatasi. Chaguo namba 2 ana mkataba wa miaka miwili wenye uhakika, na timu inaamua kama itaendelea na wa tatu na wa nne. Kwa hiyo Thabeet alikuwa na mshahara mnono akiwa hachezi, na huyo ndiye anayefaa kusawazisha hesabu za dili. Ish aliingia kama nyongeza, Thabeet kama uzito wa mizani. Baada ya Houston akaenda Portland, kisha Oklahoma City misimu miwili mpaka 2014. Miezi michache baadaye Ish naye akavaa jezi hiyohiyo ya Oklahoma City, wakapishana tena.

Tofauti ni nafasi wanayocheza. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 mtu wa futi 7 na inchi 3 ambaye hatoki kumkabili mtupaji wa pointi tatu alianza kukosa soko. Gadi mwenye mbio na asiyepoteza mpira hovyo soko lake liliongezeka.

Gongo_la_Mboto_23

Rekodi ya 13 nani anaweza kuivunja?

Mzee_wa_Rimu

Mtazame Dennis Schröder. Gadi vilevile, Mjerumani, bingwa wa dunia 2023 na mchezaji bora wa mashindano yale. Atlanta, Oklahoma City, Lakers, Boston, Houston, Toronto, Brooklyn, Golden State, Detroit, na alipojiunga na Sacramento 2025 ilikuwa timu ya 10. Ila yeye si wa kima cha chini. Anahamishwa kwa sababu mshahara wake ni wa kati na unalingana na dili nyingi, mlango ni mwingine kabisa.

Mkihesabu msije mkakosea, kuna mtego. Februari 2025 Golden State walimpeleka Utah, na Utah wakamsukuma Detroit kabla hajavaa jezi. Utah haihesabiwi, kama ambavyo New Orleans haikuhesabiwa kwa Ish mpaka alipoichezea kweli miezi minane baadaye.